Kila Mtu na Tembo Wake

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na tembo wake isipokuwa Bi Harusi. Hata paka alikuwa naye.

Paka aliitwa Elefanti. Baba mkwe, fundi saa, aliitwa Sloni. Mume wa Bi Harusi, ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mikate, aliitwa Olifanti tangu angali ananyonya, na dada yake muuguzi aliitwa Norsu. Mume wa huyo Norsu, muuza nyama mwenye mwili wa kujaza mlango, aliitwa Zilonis, naye alipewa neno lake hata kabla maua ya harusi yao hayajanyauka. Bi Harusi alikuwa ameolewa mwaka mzima sasa na bado walimwita Bi Harusi, kana kwamba gari lililomleta lingali nje linanguruma, likisubiri kumrudisha kwao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alishapewa zamani. Yeye ndiye aliyeshona mapazia ya sebuleni, yeye ndiye aliyejua kulibembeleza dirisha la jikoni mpaka likafunguka, na saa za ukutani za baba mkwe, ambazo hazikuwahi kukubaliana hata mbili, yeye ndiye aliyezipangusa vumbi. Kazi za nyumba alikuwa nazo tele. Alichokosa ni tembo, na tembo wote walikuwa mikononi mwa mama mkwe wake.

Mambo haya yalianzia kazini kwa Mama. Alikuwa mlinzi katika jumba la makumbusho, na tangu usichana wake alikalia kigoda kile kile katika ukumbi wa kwanza, kando ya mifupa ya tembo mzima iliyosimamishwa kwa vyuma. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mifupa haiguswi. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kulala. Thubutu. Watu wazima na akili zao, wenye mvi na miwani, wakifika mbele ya mfupa mkubwa hurudi utotoni, mkono unatoka wenyewe. Mwanzoni Mama alikuwa akiwaambia, tafadhali usiguse, tafadhali usiguse, mpaka koo likamkauka na roho ikamchafuka, maana mtu akikatazwa hukasirika, na akikasirika hugusa kwa makusudi.

Ndipo siku moja, kwa kuchoka tu, badala ya kumkataza mzee mmoja Mrusi, akamwuliza huko kwao mnyama huyu anaitwaje. Yule mzee akasita. Akatazama dari kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka juu ya kabati, na mkono ukashuka wenyewe bila kuambiwa. “Slon,” akasema, akaondoka anatabasamu. Siku hiyo kulikuwa na kijana juu ya ngazi akitengeneza saa kubwa ya ukumbini, na neno lile lilimchekesha mpaka akaangusha bisibisi. Mama akamwambia, haya basi, Sloni, shuka uokote chombo chako. Alishuka, akaokota, na hakurudi juu upesi. Huyo ndiye baba mkwe.

Tangu hapo Mama hakumkataza mtu. Mkono ukinyooka, yeye anauliza. Wasiojua lugha aliwaonyesha kwa kidole, kwanza mifupa, kisha mdomo wao, nao wakaelewa. Ulaya nzima ilipita mbele ya kigoda chake. Kwa Warusi na Wacheki, Waserbia na Wabulgaria, mnyama alikuwa slon, na Wapoland nao walimlainisha kidogo tu. Mfini alimwita norsu, neno lisilofanana na la jirani yake yeyote, na Mama alilipenda sana hata akaliweka akiba mpaka alipopata binti wa kulibeba. Mholanzi alileta olifanti. Mlatvia alileta zilonis. Lakini hao walikuwa adimu. Wajerumani, Waswidi, Wanorwei, Wahungari na Waromania wote walikuja na elefanti yule yule. Wahispania na Waitalia walimrefusha mkia, Wafaransa walimkata, ila tembo hakubadilika.

Kanuni zilijitunga zenyewe, kama kanuni za nyumbani zinavyojitunga. Neno sharti litoke kinywani mwa mwenye lugha mwenyewe, mbele ya mifupa. La kitabuni halihesabiki. Neno moja, mtu mmoja. Na hakuna anayejipa. Hapo baba mkwe alikuwa na msemo wake wa kufunga mjadala, kinyozi hajinyoi, na akishausema hakuna aliyeongeza neno. Siku Mama alipopata neno jipya alisubiri watu wakae mezani jioni, akagonga kikombe kwa kijiko, akasema, “Leo nimepewa.” Kisha akamtazama anayepewa, akalitamka, na wote wakalirudia pamoja. Ilikuwa imekwisha. Mtu aliamka kesho yake akiwa na tembo, na nyumba ilikuwa yake kuliko jana.

Usidhani Bi Harusi alikuwa mtu wa kununa. Alikuwa na raha zake nyingi, na alizijua. Mumewe alirudi asubuhi akinukia mkate, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga kabla ya wakati wake. Chumba chake cha kushonea kilikuwa mtaa wa pili tu, kina dirisha pana, cherehani ya kukanyaga isiyosumbua, na wateja waliokuja kwa nguo wakakaa kwa maneno. Wifi yake alimpenda. Shemeji yake Zilonis alimletea nyama nzuri zaidi ya dukani na kumwambia ni mabaki. Hakukosa kitu. Ila kila Mama alipoingia jioni, akakaa kwenye kiti cha mlangoni kuvua viatu vya kazi, Bi Harusi alimtazama mdomo. Na kila walipokula aliangalia kile kijiko, na kijiko kililala tu kando ya sahani kama hakijui mtu anavyokisubiri.

Alikuwa na dhana yake ya siri, na dhana hiyo ilikuwa suruali. Juma la kwanza baada ya harusi, akitaka kujionyesha, alijitolea kumfupishia Mama suruali mpya ya sare. Kwa mbwembwe alipima mara moja akakata. Ilitoka fupi, vifundo vya miguu nje, kama ya mtu anayejiandaa kuvuka dimbwi. Mama alijitazama kwenye kioo, akasema ahsante mwanangu, akaivaa akaenda nayo kazini. Akaivaa tena kesho yake, na keshokutwa. Hakusema lolote, na huo ukimya ndio uliomkaa Bi Harusi kooni. Fundi aliyemharibia mama mkwe suruali, alijiambia, anatarajia tembo wa nini?

Usiku mmoja walipokuwa wakikunja nguo alimwuliza mumewe waziwazi kama Mama anamchukia. Mumewe alicheka kwanza, kisha akaona macho yake, akaacha kucheka. Alimwambia kwamba Mama hana chuki na mtu, ana sababu zake tu, avute subira.

“Basi anipe hata Elefanti,” alisema Bi Harusi.

“Elefanti ni paka.”

“Najua ni paka.”

Mambo yangeweza kwenda hivyo miaka, maana subira yavuta heri. Lakini mwezi ule Mama alitangaza kwamba anastaafu. Mwisho wa mwezi angerudisha funguo na sare, na kigoda kingekaliwa na mlinzi mwingine, kijana ambaye tayari alikuwa amesema ataweka kamba nyekundu kuzunguka mifupa, na kibao. Mkono hautanyooka tena. Hakuna atakayeulizwa. Baba mkwe alifurahi, akasema hatimaye atapata mtu wa kumsaidia kutafuta miwani. Norsu alianza kupanga keki. Bi Harusi alicheka na wenzake, akasaidia kuondoa vyombo, na alipokuwa ameinamia beseni akahesabu moyoni. Mama akishuka kwenye kile kigoda bila neno, basi yeye atabaki Bi Harusi mpaka awe bibi kizee.

Katika siku hizo za mwisho ndipo mlango wa chumba cha kushonea ulipofunguliwa na mama mmoja mrefu, mwembamba, aliyeshika sketi ya kijivu kwa ncha za vidole kana kwamba anaomba radhi kwa niaba yake. Alikuwa fundi wa piano. Shule ya muziki ilikuwa imemwita kutoka mbali aje kuifufua piano yake kuukuu, naye kwa kupiga magoti chini ya piano siku nenda siku rudi alikuwa amechana bitana na kung'oa pindo lote la nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na cha adabu kupita kiasi. Aliuliza kama anaweza kukaa. Aliuliza kama anaweza kuweka mkoba juu ya meza. Bi Harusi alipomwambia avae sketi apimwe pindo, aliuliza kama anaweza kupumua.

Bi Harusi alipiga magoti na pini zake mdomoni, akamzunguka taratibu. Alipozimaliza pini, akamwuliza anatoka wapi. Lithuania, alijibu yule mama. Bi Harusi aliisikia pembeni ya moyo. Lithuania haijawahi kukaa mezani kwao. Latvia ilishakaa, ndiyo, ilikuwa imekaa pale pale kwa shemeji yake ikila nyama, lakini hii ilikuwa nyingine.

“Na huko kwenu, tembo anaitwaje?”

Fundi wa piano akatazama dari. Kumbe ni kweli, Bi Harusi alijiambia, kumbe Mama hakuwa akitia chumvi.

“Dramblys,” alisema.

Bi Harusi alimwomba arudie. Akarudia. Lilikuwa neno zito mwanzoni na jepesi mwishoni, na alilisema naye kwa sauti, Dramblis, akahisi linamkaa mdomoni bila kubana. Akauliza kama na majirani zao husema hivyo. Hapana, alijibu yule mama, na kwa mara ya kwanza alionyesha kajeuri kadogo: hao wana la kwao, hili ni letu peke yetu.

Sasa mwone fundi wetu wa nguo, ameshika pindo kwa mkono mmoja, mwingine uko kifuani. Angeweza kurudi nyumbani jioni ile akasema, jamani, mimi ni Dramblis. Nani angemzuia? Angezuiwa na baba mkwe na kinyozi wake, hilo alilijua. Neno alilolisikia chumbani kwake, katikati ya pini na nyuzi, halikuwa na thamani. Lilipaswa kutamkwa mbele ya mifupa, mbele ya Mama. Basi halikuwa jambo gumu, lilihitaji kutembezwa tu kutoka hapa mpaka kule.

Alimsifia yule mama makumbusho ya mji. Alimwambia sketi itakuwa tayari kesho asubuhi, na kwamba haifai mtu aondoke bila kuona mifupa ya tembo, ukumbi wa kwanza, mkono wa kulia. Fundi wa piano alisema ataenda kwa furaha. Hapo Bi Harusi akakumbuka jambo ambalo nusura limharibie yote, kwamba Mama hamwulizi mtu aliyetulia. Huuliza mkono ulionyooka. Na mama huyu alikuwa mtu wa kuomba ruhusa ya kupumua.

“Ukifika kwenye mifupa,” alisema, akijifanya anatafuta mkasi, “iguse.”

“Si imekatazwa?”

“Imekatazwa. Ndiyo maana nakuomba.”

Bi Harusi alimhakikishia kwamba hatafungwa, kwamba ni jambo la heri, na kwamba pindo lake atalishona kwa mkono, si kwa mashine, mshono usioonekana hata ukiutafuta. Hilo la mwisho ndilo lililomgusa. Mafundi wanajuana. Walipeana mikono.

Kesho yake, baada ya sketi kuchukuliwa, Bi Harusi hakushona kitu cha maana. Aliunganisha mkono wa kushoto wa koti kulia, akafumua, akauunganisha tena pale pale. Alilitamka neno peke yake, akalizoea. Aliwaza jinsi Mama atakavyolitamka, na jinsi wote watakavyolirudia, Zilonis kwa sauti yake ya pipa na Norsu akichekacheka. Kutwa nzima alikuwa mtu mwenye furaha kupita kiasi, na furaha ya namna ile, mwenyewe alijua, haikai bila kudai kitu.

Jioni Mama aliingia, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akavua viatu. Mdomo wake ulikuwa umebanwa kama wa mtu anayezuia kucheka au kulia. Siku hiyo Norsu na mumewe walikuja kula. Meza ilijaa, paka akalala chini ya kiti cha baba mkwe, saa za ukutani zikalia moja baada ya nyingine, kila moja na maoni yake. Walipofika katikati ya chakula, Mama akachukua kijiko. Akagonga kikombe.

“Leo nimepewa,” alisema.

Mume wa Bi Harusi alimbana mkewe mkono chini ya meza. Wote walimgeukia, maana nani mwingine? Mama hakumtazama. Alianza kusimulia, polepole, akimega mkate. Alisema asubuhi alikuja mama mmoja mgeni, amevaa sketi ya kijivu. Alisimama mbali na mifupa, mikono ameifunga nyuma, akaisoma mbavu zote kama anasoma gazeti. Kisha akaja moja kwa moja kwenye kigoda, akainamisha kichwa kwa heshima, na kuuliza ni wakati gani ungefaa zaidi aiguse, kwa kuwa yeye binafsi asingependa, ila fundi wake wa nguo amesisitiza sana.

Zilonis alicheka mpaka kiti kikalalamika. Norsu alijifunika uso kwa kitambaa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikuwa imefika hata barabarani. Bi Harusi alitamani ardhi ipasuke immeze na sahani yake. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa amejipambia neno lile kutwa nzima kama mtoto anayejaribu viatu vya dukani.

“Nikamwuliza kwao anaitwaje,” Mama aliendelea. “Akaniambia Dramblis.”

Meza nzima ikalirudia kwa mazoea. Lilisikika vizuri. Lilisikika vizuri kuliko alivyowaza.

Hapo Mama akamgeukia Bi Harusi. “Mwanangu, ulidhani sikutafutii?”

Mama akasema yeye mwaka mzima hakwenda likizo hata siku moja, miguu imevimba, daktari amesema, Norsu shahidi. Kila asubuhi alikaa akisema leo, leo atakuja mtu wa mbali na neno lisilo na mwenyewe. Anakuja Mjerumani, elefanti. Anakuja Mswidi, elefanti. Wakaja watalii basi zima, akafurahi, kumbe basi zima ni elefanti. “Ningekupa nini? Nikupe makombo ya paka? Niliona haya.”

“Nilidhani ni ile suruali,” alisema Bi Harusi, sauti ikamtoka nyembamba.

“Suruali gani?”

“Niliyokukatia fupi.”

Mama alifikiri kidogo. Kisha akasema suruali ile aliivaa kwa kuwa imeshonwa na mke wa mwanawe, na akiulizwa kazini alijibu hivyo hivyo, na wenzake wakamwonea wivu. Alisema hata sasa ipo, na kwamba ni nzuri kipindi cha joto. Kisha uso wake ukarudi kuwa wa mlinzi.

“Lakini neno hili siwezi kukupa. Umelitafuta mwenyewe, ukalileta mwenyewe. Nikikupa, utakuwa umejipa.”

“Kinyozi hajinyoi,” alisema baba mkwe kwa huruma, akitazama sahani yake.

Hakuna aliyeongeza neno. Saa ziliendelea kugonga ukutani. Mume wa Bi Harusi alitaka kusema kitu, naye Bi Harusi akamzuia kwa kumgusa goti, kwa sababu ndani yake kulikuwa na jambo la ajabu linatokea, na alitaka kulisikiliza. Lile donge la mwaka mzima lilikuwa linayeyuka. Alikuwa ametafutwa. Kila siku, juu ya miguu iliyovimba, kuna mtu alikuwa amekaa anamtafutia, wakati yeye akimtazama mdomo mlangoni na kudhani hapendwi. Alijisikia tajiri, na alijisikia mjinga, na vyote viwili vilikuwa vitamu.

Na mtu akiacha kuitazama mikono yake mitupu, huanza kuona ya wengine. Aliitazama meza. Sloni na miwani yake iliyopotea juu ya kichwa chake mwenyewe. Olifanti na unga nyuma ya sikio. Norsu, Zilonis, na mkia wa Elefanti ukijitokeza chini ya kiti. Kisha akamtazama aliyeshika kijiko.

“Mama,” alisema, “na wewe tembo wako ni yupi?”

“Mimi ndiye ninayegawa,” alisema Mama.

Norsu akaweka uma chini. Olifanti akamtazama baba yake, na baba yake akavua miwani kichwani, akaishika mkononi bila kukumbuka kwamba alikuwa akiitafuta. Miaka yote ile. Walikuwa wamekula mezani pale, wameitwa na kuitika, wamempa neno hadi paka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Mama alikuwa Mama tu.

“Kinyozi hajinyoi,” alianza baba mkwe, kwa mazoea, lakini safari hii sauti ilimwishia njiani.

“Hajinyoi, Baba,” alisema Bi Harusi. “Lakini hiyo si sababu ya sisi kumwacha na nywele mpaka kiunoni.”

Zilonis alitaka kucheka, akaona wenzake hawacheki, akameza. Bi Harusi alikuwa ameshasimama, hakujua alisimama lini. Neno lilikuwa limemkaa mdomoni kutwa nzima na alilipenda, na hatudanganyi, lilimuuma kulitoa. Alilitoa hivyo hivyo. Alisema neno limetoka kinywani mwa mwenyewe, limetamkwa mbele ya mifupa, na halijawahi kuwa la mtu. Aliyelituma ni yeye, na lilipofika lilimfikia Mama, si mwingine. Kanuni zote zimetimia.

“Ni lako, Mama.”

Mama alikigeuza kijiko mkononi, akajitazama ndani yake, akakigeuza tena. “Nikilipokea, nani atagawa?” aliuliza. “Mgawaji hana tembo. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.”

Lilikuwa swali la kweli, na walilifikiria. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote wakageuka wakamtazama Bi Harusi. Hakukuwa na haja ya kusema. Nyumba nzima ingebaki na mtu mmoja tu asiye na tembo, mtu ambaye wateja wake husimama wima mbele yake wakipimwa mapindo, wakitazama dari, na kusema kila kitu.

“Sikupanga hivi,” alisema Mama. “Wallahi sikupanga.” Akakisukuma kijiko juu ya meza, kikapita kati ya chembe za mkate na bakuli la chumvi, kikasimama mbele ya Bi Harusi.

Alikichukua. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani, kijiko cha chai cha kawaida, kimepinda kidogo shingoni. Aligonga kikombe, taratibu mno, haikusikika. Mumewe akamwambia kwa sauti ya chini agonge kama fundi. Akagonga tena, na safari hii hata paka aliinua kichwa.

“Leo nimepewa,” alisema.

Alimtazama mama mkwe wake. Mbele yake alikuwa mtu mzima, mama wa mumewe, na neno tupu lisingefaa. Basi akainamisha kichwa kidogo, kama alivyomwamkia kila asubuhi kwa mwaka mzima, akalitangulizia heshima yake.

“Shikamoo, Dramblis.”

Mama aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akanyanyua uso kuelekea dari, pale pale wageni wake walipokuwa wakitazama.

“Marahaba,” aliitika, na machozi yakamtoka akicheka.